Bolti Ikikatika Ndani ya Injini: Kazi ya Fundi na Wajibu wa Katibu

Kwa chama cha msingi chenye lori lake, au chenye injini ya kuendeshea mashine ya kumenyea kahawa au kusagia nafaka, ni machache madogo yawezayo kuleta hasara kubwa kama maneno haya mawili ya fundi: "Bolti imekatika." Bolti yenyewe bei yake ni ndogo, wala hakuna Bodi itakayokaa kikao kwa ajili ya kununua bolti moja. Lakini kisiki kinachobaki ndani ya bloku au ndani ya silinda hedi, kikishughulikiwa kwa pupa, chaweza kukipotezea chama silinda hedi nzima, na kulisimamisha lori wakati mazao ya wanachama yamelala ghalani yakingoja kupelekwa kiwandani.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya makatibu, wajumbe wa Bodi na wanachama. Shabaha yake si kuwageuza makatibu kuwa mafundi. Shabaha yake ni mbili. Kwanza, kiongozi wa chama aielewe kazi hii kiasi cha kuweza kujua kama fundi anakwenda kwa utaratibu au anabahatisha na mali ya watu. Pili, litakapozuka swali la nani alipe, haki itendeke kwa ushahidi, si kwa hasira.

1. KWA NINI BOLTI HUKATIKA

Bolti si msumari. Kazi yake ni kuvutika. Tunapoikaza, hurefuka kidogo sana, nayo kwa kutaka kurudi katika urefu wake hubana vitu viwili pamoja, mfano wa springi. Ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena. Huwa imelegea ndani kwa ndani, na siku yake ya kukatika imekwisha andikwa.

Bolti njema zina nambari kichwani. Nambari 8.8 maana yake ni kwamba chuma hicho hukatika kikivutwa kwa nguvu ya nyutoni 800 hivi kwa kila milimita moja ya mraba, yaani karibu kilo 80. Na kwamba huanza kuharibika kinapofikia sehemu nane za kumi za nguvu hiyo. Bolti ya milimita 8 ya daraja hilo yaweza kuhimili mvuto wa karibu tani 3 kabla ya kukatika. Bolti ya 10.9 ina nguvu zaidi. Bolti isiyo na nambari yoyote, iliyookotwa katika kopo la vyuma chakavu, haifai kufungiwa silinda hedi hata kama hesi zake zinalingana.

Sababu za kukatika ni hizi:

(a) Kutu. Chuma kikila kutu, ile kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilichotoweka. Kwa hiyo nafasi ndogo iliyokuwapo baina ya hesi hujaa, na bolti hushikana na tundu lake. Fundi anapozungusha kichwa, mwili hauendi, na shingo hukatika.

(b) Joto. Bolti za manifodi ya ekzosi hupata moto na kupoa kila safari. Aidha, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kipande cha alumini chenye urefu wa milimita 100, kikipata joto la nyuzi 80 zaidi, hurefuka kwa karibu milimita 0.18, hali kipande cha chuma cha urefu huohuo hurefuka kwa karibu milimita 0.10 tu. Bolti ya chuma iliyofungwa katika alumini huvutwa na kuachiwa hivyo kila siku. Na maji yakipenya baina ya metali hizo mbili, kama itokeavyo kwenye pampu ya maji, alumini huliwa na kuacha unga mweupe unaoshikilia bolti kama saruji.

(c) Kukaza kupita kiasi. Bolti ya milimita 6 ya daraja la 8.8 huhitaji nguvu ya kukazia ya kadiri ya nyutoni-mita 10, yaani sawa na kuning'iniza kilo moja mwisho wa mkono wa spana wenye urefu wa mita moja. Ya milimita 8 huhitaji kadiri ya 25, na ya milimita 10 kadiri ya 50. Mtu mzima akisukuma kwa nguvu ya kilo 20 tu kwenye spana ya sentimita 30, hutoa karibu nyutoni-mita 60. Hiyo ni mara sita ya mahitaji ya bolti ya milimita 6. Na bado wapo wanaochomeka bomba kwenye spana ili kuirefusha!

(d) Uchovu wa chuma. Bolti iliyolegea hutikiswa maelfu ya mara kwa safari moja. Hupata ufa mdogo, ufa hukua kidogo kidogo, na mwisho hukatika hata bila ya kuguswa.

(e) Hesi zisizolingana. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa viwanda vya nchi yake, chenye pembe ya nyuzi 55. Injini nyingi za kale za Kiingereza zilizozungusha vinu vyetu zilifungwa kwa bolti za inchi za namna hiyo. Hesi za kimetriki zina pembe ya nyuzi 60. Sasa, bolti ya Whitworth ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na ya kimetriki ina 8. Kwa macho ni mapacha. Lakini ya kwanza hupiga hatua ya milimita 1.41 kwa mzunguko mmoja, na ya pili 1.25. Mwenye kulazimisha moja katika tundu la nyingine huisaga hesi, na bolti hukwama au hukatika.

2. KABLA HAIJAKATIKA

Kinga ni rahisi kuliko tiba, nayo kwa bolti ina masharti machache ambayo katibu aweza kuyaulizia hata kama hajapata kushika spana.

Hesi inayoonekana isuguliwe kwa brashi ya waya. Mafuta ya kupenyeza yatiwe, kisha bolti iachwe, ikiwezekana usiku mzima. Fundi anayetia mafuta na kushika spana dakika ileile ameyapoteza mafuta. Kichwa cha bolti kigongwe kwa nyundo mara kadhaa kwa mapigo ya wastani, maana mtikisiko huvunja kutu na kuyapa mafuta njia. Itumike spana ya boksi yenye pande sita, inayokaa sawasawa. Ile ya pande kumi na mbili huteleza na kukila kichwa.

Bolti ikianza kusogea, isifunguliwe moja kwa moja. Ifunguliwe robo mzunguko, irudishwe, itiwe mafuta, ifunguliwe tena. Nenda-rudi hii huisaga kutu kuwa unga na kuitoa. Kama mkono unahisi bolti inapinda kama mpira badala ya kuzunguka, hapo ndipo pa kusimama. Hiyo ni sauti ya mwisho ya bolti kabla ya kukatika.

Joto nalo husaidia. Wengi hudhani chuma kikipashwa moto tundu lake hupungua. La. Tundu hutanuka pamoja na chuma chake, kama pete ya chuma ya gurudumu la mkokoteni inayopashwa moto ipate kuvishwa. Kwa hiyo moto uelekezwe pembezoni mwa bolti, si juu ya bolti yenyewe. Mafundi wengine, chuma kingali cha moto, hugusisha mshumaa kwenye hesi. Nta huyeyuka, hunyonywa ndani, na kulainisha. Lakini bloku ya chuma cha kusubu isimwagiwe maji ingali na moto, kwa kuwa hupasuka. Wala moto usiwashwe penye mvuke wa petroli au mafuta ya kupenyeza yaliyomwagika.

3. IKISHAKATIKA: SIMAMA KWANZA

Hasara kubwa haifanywi wakati bolti inapokatika. Hufanywa katika nusu saa inayofuata, fundi akiwa na hasira, dereva akiuliza lini ataondoka, na katibu amesimama mlangoni. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kusimama. Kisha yaulizwe maswali matatu.

Swali la kwanza: Kisiki kimebaki wapi? Kimechomoza nje, kiko sawa na uso wa chuma, au kimezama ndani? Jibu ndilo litakaloamua njia.

Swali la pili: Nyuma ya tundu kuna nini? Matundu mengine huishia ndani ya chuma; mengine hutokeza kwenye njia ya maji au ya mafuta. Keekee ikipita kiasi, chama kitakuwa na maradhi mapya.

Swali la tatu: Kilicho hatarini kina thamani gani kulinganisha na vifaa tulivyo navyo? Kisiki katika kibati cha kufunikia hakifanani na kisiki katika silinda hedi. Ikiwa chama kina keekee ya mkono iliyolegea na biti butu, na kisiki kimezama katika silinda hedi ya alumini, basi busara ni kuifungua silinda hedi hiyo na kuipeleka karakana yenye mashine iliyosimama imara. Nauli ya kuipeleka si hasara, ni bima.

4. NJIA ZA KUTOA, KWA TARATIBU YAKE

Fundi mwema huanza na njia isiyoharibu, kisha huendelea kwa ile iliyo kali zaidi. Kila njia ikishindwa inapaswa kuiachia inayofuata nafasi ya kufanya kazi.

Kisiki kilichochomoza. Hiki ndicho chepesi. Baada ya mafuta na kugongwa, kishikwe kwa koleo la kujifunga, kwa kubana sana, na kizungushwe nenda-rudi. Kama kimebaki na hesi za kutosha, zifungwe nati mbili juu yake na kukazwa moja dhidi ya nyingine; kisha nati ya chini izungushwe kwa spana, na kisiki kitafuata. Pengine chaweza kupigwa tupa pande mbili ili spana ishike, au kukatwa mfereji kwa msumeno wa chuma ili bisibisi pana iingie.

Kisiki kilicho sawa na uso. Hapa ndipo kulehemu kunapofaa. Washa huwekwa juu ya kisiki, huunganishwa nacho kwa kuchomelea kupitia tundu lake, kisha nati huwekwa juu ya washa na kuchomelewa pia. Faida yake ni mbili: kisiki kimepata kichwa kipya, na moto wa kulehemu umekipasha na kuivunja kutu. Kiachwe kipoe hadi kiwe cha vuguvugu, kitiwe mafuta au nta, ndipo kizungushwe. Nati ikibanduka, ichomelewe tena. Si ajabu kazi ikafaulu mara ya tatu au ya nne. Njia hii yafaa hata katika alumini, kwa kuwa uchomeleaji wa chuma haushikani na alumini. Lakini ihitaji mkono mzoefu, kwani alumini huyeyuka kwa joto dogo kuliko chuma.

Kabla ya kulehemu kwenye gari, nyaya zote mbili za betri zifunguliwe, na kibano cha waya wa ardhi kifungwe karibu kabisa na mahali pa kazi, ili umeme usipite kwenye bearingi au kuunguza alternata. Mchanga au kizimamoto kiwe karibu. Aidha, sehemu iliyosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini isichomelewe kabisa. Dawa hiyo ikiungua hutoa gesi ya sumu iwezayo kuua.

Kisiki kilichozama. Hapa hapana budi kutoboa. Uso wa kisiki kwanza usawazishwe, kwa kuwa bolti hukatika kwa mshazari na biti huteleza. Kisha itafutwe kati yake kamili na kutiwa alama kwa senta panchi. Fundi asione haya kutumia dakika ishirini kwa alama hii moja, maana kila kosa litakalofuata limezaliwa hapa. Njia njema ni kutumia kiongozi: kipande cha bomba au bolti iliyotobolewa katikati, inayoingia sawasawa katika tundu na kuielekeza biti.

Kutoboa kuanze na biti ndogo, kama ya milimita 3, kali, kwa mwendo wa polepole na mafuta mengi, huku keekee ikiwa imesimama wima. Kisha biti ya pili iliyo kubwa zaidi. Zikipatikana biti zinazokata kwa kuzunguka kushoto, ni bora sana: zinapotoboa huwa zinazungusha bolti kwa upande wa kufungulia, na mara nyingi kisiki hutoka chenyewe kabla kazi haijaisha.

Ikiwa kisiki bado kimekataa, hutobolewa hadi kubaki ganda jembamba la hesi tu. Ukubwa wa biti ya mwisho hupatikana kwa hesabu rahisi: unene wa bolti ukitoa hatua ya hesi. Bolti ya milimita 6 yenye hatua 1.0 huchukua biti ya 5.0. Ya milimita 8 yenye hatua 1.25 huchukua 6.8. Ya milimita 10 yenye hatua 1.5 huchukua 8.5. Ya milimita 12 yenye hatua 1.75 huchukua 10.2. Ganda lililobaki hukunjwa ndani kwa tindo ndogo na kuvutwa kwa koleo, kisha tepu ya kukatia hesi hupitishwa ili kusafisha. Kama senta ilikuwa sahihi, hesi za awali zitakutwa salama.

Katika kutoboa huku, matundu yote ya jirani yazibwe kwa vitambaa safi. Chenga za chuma zikiingia kwenye silinda au njia ya mafuta zitaua injini iliyokuwa inatibiwa. Biti ipakwe grisi ili ishike chenga. Za chuma zaweza kuokolewa kwa sumaku. Za alumini hazivutwi na sumaku, hivyo zinahitaji kufutwa na kupulizwa kwa uangalifu. Na macho yavalishwe miwani. Injini hupata vipuri; jicho halina kipuri.

5. HATARI YA EKSTRAKTA

Kuna kifaa kinachopendwa na mafundi chipukizi kiitwacho ekstrakta: kijiti cha chuma kigumu chenye hesi za kushoto, kilicho chembamba mwanzoni. Kisiki hutobolewa, kifaa hiki huingizwa na kuzungushwa kushoto, nacho hujing'ata na kukivuta kisiki.

Ni kifaa chema kwa kisiki kilichokatika kwa kukazwa mno na ambacho hakina kutu. Kwa kisiki kilichoshikwa na kutu ni mtego. Tufikiri: ikiwa bolti nzima, yenye unene wa milimita 8, ilikatika kwa kushindwa kuzunguka, itakuwaje kijiti cha milimita 4 kiweze? Tena, kadiri kinavyozidi kujing'ata ndivyo kinavyozidi kukitanua kisiki na kukikandamiza ukutani. Kikikatika, hubaki ndani chuma kigumu na chenye kuvunjika kama kioo, ambacho biti ya kawaida haiwezi kukikwaruza. Kazi iliyokuwa ya saa mbili imekuwa ya karakana kubwa, yenye biti za kabaidi au mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme.

Kwa hiyo kanuni iwe hivi: ekstrakta itumike tu baada ya mafuta, kugonga na joto, na kwa nguvu ya mkono mmoja. Ikikataa, itolewe.

Kwa silinda hedi au kasha la pampu la alumini lililofunguliwa na kutolewa kwenye gari, kuna dawa moja ya kale ambayo hata mafundi wa saa huijua: shabu, ileile iuzwayo madukani. Shabu ikiyeyushwa kwa wingi katika maji ya moto huila chuma polepole na kuiacha alumini. Kazi yaweza kuchukua siku nzima au zaidi, maji yakidumishwa na joto na shabu ikiongezwa. Chombo kisiwe cha chuma, na sehemu nyingine zote za chuma ziondolewe kwanza. Kwa bloku ya chuma dawa hii haifai kabisa, kwa kuwa italila tundu pamoja na kisiki.

Hesi za tundu zikiwa zimeharibika, bado si mwisho. Tundu hupanuliwa, hukatwa hesi mpya, na huingizwa springi ya waya mgumu inayorudisha hesi za ukubwa wa awali. Katika alumini, tundu lililotengenezwa hivyo mara nyingi huwa imara kuliko lilivyokuwa kiwandani.

6. KUFUNGA UPYA

Kazi haijaisha kisiki kinapotoka. Tundu lipulizwe likauke. Mafuta au maji yakibaki chini ya tundu lisilo na mlango wa pili, bolti itakapoingia itayasukuma bila pa kwenda, na shinikizo hilo laweza kuipasua bloku. Bolti mpya ziwe za daraja na urefu uleule. Bolti za silinda hedi za magari mengi ya sasa zimeundwa kuvutwa mara moja tu. Zikifunguliwa hazirudishwi, hata zikionekana nzima. Bolti za manifodi ya ekzosi zipakwe grisi ya joto kali izuiayo kushikana. Ila ikumbukwe kuwa hesi iliyolainishwa hukazwa kwa nguvu ndogo kuliko iliyo kavu. Kukaza kuanzie katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo, kwa kufuata kitabu cha gari.

7. NANI ALIPE? USHAHIDI WA KISIKI

Sasa tulifikie jambo ambalo mkaguzi hulikuta mezani mara kwa mara. Katika chama kimoja nilichokikagua, fundi aliyeajiriwa na chama alikatwa mshahara kwa miezi kadhaa kulipia silinda hedi iliyoharibika baada ya bolti kukatika. Fundi alisema bolti ilikuwa na ufa wa siku nyingi. Katibu alisema fundi alitumia nguvu. Jambo lilifika mkutano mkuu, wanachama wakagawanyika pande mbili, na maneno yakatoka kwenye bolti yakaingia kwenye koo na ukoo. Nilipoomba kuiona bolti yenyewe, niliambiwa ilitupwa siku ileile. Sikuweza kuandika kuwa fundi amekosa, wala kuwa hakukosa. Niliandika kuwa makato yalifanywa bila ushahidi, na nikashauri yarudishwe. Chama kilibaki na hasara, na fundi, ambaye alikuwa hodari, alikwisha kuhama.

Ushahidi ulikuwapo, ila ulikuwa jaani. Kwani uso wa bolti iliyokatika husema:

(i) Ukiwa na sehemu laini, yenye mistari ya kupinda kama alama za maji yanayokupwa ufukweni, mara nyingi iliyofifia au kupata weusi, na sehemu nyingine iliyo mpya na ya chengachenga, basi bolti ilikuwa na ufa kabla ya siku ile. Mwenye spana amekuta maiti.

(ii) Ukiwa mpya wote, karibu tambarare, wenye alama za kuzunguka kama za kisogo, bolti imesokotwa kwa nguvu. Hapo zitazamwe hesi zake. Zikiwa zimejaa kutu, swali ni moja tu: je, fundi alitia mafuta, akangoja, akatumia joto? Kama alifanya hayo, ametimiza wajibu wake. Zikiwa safi, basi nguvu ilizidi.

(iii) Ukiwa na kiuno, yaani bolti imekonda karibu na mahali ilipokatika, imevutwa kupita uwezo. Mara nyingi anayestahili kuulizwa ni aliyeikaza mara ya mwisho, si aliyeifungua leo.

Alama hizi zisomwe na fundi wa pili asiyehusika, tena siku hiyohiyo. Uso mpya wa chuma, katika hewa yenye unyevu, huanza kupata kutu upesi, na shahidi huyo huanza kusema uongo. Vipande vyote viwili vipakwe mafuta, vifungwe kwa karatasi, viandikwe tarehe, na vihifadhiwe.

8. KARATASI ZA KATIBU

Yafuatayo hayahitaji gharama, ila nidhamu tu:

(1) Hati ya kazi iandikwe kabla ya spana kushikwa, ikitaja sehemu itakayofunguliwa, na kama bolti zina kutu.

(2) Bolti ikikatika, kazi isimame na katibu aarifiwe. Hati ionyeshe saa, mahali, na njia fundi anayopendekeza.

(3) Kwa silinda hedi, bloku au manifodi, iandikwe mwisho wa kujaribu: njia zipi zitajaribiwa hapo chamani, na ipi ikishindwa kifaa kitapelekwa karakana. Fundi asiachwe peke yake na uamuzi huo, wala asishinikizwe kuvuka mpaka huo kwa sababu ya haraka ya safari.

(4) Vipande vihifadhiwe pamoja na hati ya malipo hadi hesabu za mwaka zikaguliwe.

(5) Kitabu cha gari kionyeshe bolti zilizobadilishwa, daraja lake, na tarehe. Atakayefungua miaka mitano ijayo atashukuru.

(6) Makato yoyote ya mshahara yasifanywe kwa kauli ya mtu mmoja. Fundi asikilizwe, kipande kioneshwe, Bodi iamue, na uamuzi uandikwe kwa kufuata sheria za kazi.

Ndugu wanachama, lori la chama halikuanguka kutoka mbinguni. Ni kilo za mazao yenu zilizokatwa kidogo kidogo, msimu kwa msimu. Fundi aombaye kungoja usiku mmoja ili mafuta yapenye si mvivu, na katibu anayehifadhi kipande cha chuma kilichokatika ndani ya bahasha si mwenye wasiwasi. Wote wawili wanalinda mali ileile. Tafadhali someni makala haya katika mkutano wenu ujao, na kila chama chenye chombo cha moto kihakikishe kuwa hati ya kazi na kitabu cha gari vipo kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa.